Hakufyatua risasi, lakini ameshtakiwa kwa mauaji

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Minneapolis na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 22. Ana grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu. Hivi karibuni aliwapeleka rafiki zake wawili kwenye nyumba moja, yeye akabaki ndani ya gari. Kumbe wenzake walikwenda kumnyang'anya kijana mmoja pesa. Wakakabana, bastola ikalia, kijana akafa. Mdogo wangu ameshtakiwa kwa kusaidia mauaji ya daraja la pili bila kukusudia. Dhamana ni dola 500,000. Ndugu yetu wa Houston anasema atahukumiwa kifo. Wazee wa jumuiya wanataka twende kwa wafiwa tuombe msamaha ili kesi ifutwe. Mtu hakuua, hata garini hakushuka, anakuwaje muuaji? Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Najua kuna mama mwingine mjini humo aliyezika mwanawe, na naomba umkumbuke unaposoma haya yote, kwa sababu mahakama itamkumbuka kila siku ya kesi.

Kabla sijaingia kwenye sheria, kuna jambo la kufanya leo hii. Mdogo wako akipiga simu kutoka jela, msizungumzie kesi. Usimuulize "ilikuwaje," usimuulize nani alikuwa na bastola, na usimwambie aseme hivi au vile. Simu za jela zinarekodiwa, isipokuwa zile anazozungumza na wakili wake, na waendesha mashtaka huzisikiliza. Watu wetu hudhani Kiswahili ni kificho. Si kificho hata kidogo. Rekodi inapelekwa kwa mkalimani, inatafsiriwa, inapigwa chapa, halafu inasomwa mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi. Neno kama "nilijua wana kitu kiunoni," ambalo kijana amelisema kwa uchungu akimlilia dada yake, linaweza kubeba kesi nzima, na hapo chini utaona kwa nini. Mwulize kama amekula, mwambie mnampenda, mwambie wakili anakuja, basi.

Hayo yanakuhusu na wewe pia. Sheria ya Minnesota, jimbo mnaloishi, inawakinga mume na mke wasilazimishwe kutoleana ushahidi, na ina kinga kwa mtu na kiongozi wake wa dini. Dada hana kinga hiyo. Akikusimulia mambo ya usiku ule, unaweza kuitwa kizimbani uyaseme chini ya kiapo. Na mtu yeyote asiguse simu yake, asifute ujumbe, asifunge akaunti yake ya Facebook. Kufuta ushahidi ni kosa jingine, na mara nyingi ujumbe uliofutwa hupatikana, kisha ule ufutaji wenyewe unageuka ushahidi wa hatia.

Sasa ndugu yenu wa Houston. Hadanganyi, ila anazungumzia sheria za Texas. Marekani haina sheria moja ya mauaji. Kesi nyingi za mauaji ni za jimbo, na kila jimbo limeandika sheria yake, viwango vyake na adhabu zake. Texas wana adhabu ya kifo, na wana kanuni inayomfanya mshiriki abebe kosa la mwenzake. Ipo kesi ya mwaka 1996 mjini Kerrville: kijana alikuwa kwenye gari nje ya kituo cha mafuta, mwenzake akaingia ndani kuiba na kumpiga risasi karani. Aliyefyatua aliuawa na jimbo mwaka 2002, na yule wa kwenye gari naye alihukumiwa kifo. Ndiyo maana ndugu yenu anaogopa. Lakini Minnesota ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1911 na haijairudisha. Kwa mashtaka haya, katika jimbo hili, hakuna jaji wala jopo linaloweza kumhukumu mdogo wako kifo. Mpigie ndugu yenu simu umwambie hivyo, na mwambieni mama aliyeko nyumbani Tanzania, maana nina hakika habari ya kunyongwa imeshamfikia.

Nije kwenye swali lako la msingi, anakuwaje muuaji mtu ambaye hakuua. Chukua hati ya mashtaka na tafuta namba za vifungu. Utaona 609.19 na pembeni yake 609.05. Namba hizo ndizo zitakazoamua maisha yake, kuliko jina la kutisha lililoandikwa juu.

Minnesota inapanga vifo vinavyosababishwa na mtu kwa ngazi, na kinachotenganisha ngazi moja na nyingine ni kile kilichokuwa kichwani mwa mtu na kile alichokuwa akikifanya wakati huo. Juu kabisa ni daraja la kwanza, kifungu 609.185: kuua kwa kukusudia na kupanga kabla, au kuua kwa kukusudia ukiwa kwenye uhalifu mzito kama unyang'anyi wa silaha au utekaji. Adhabu yake ni kifungo cha maisha. Daraja la pili, kifungu 609.19, lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuua kwa kukusudia bila kupanga. Wa pili, na huu ndio wa mdogo wako, ni kusababisha kifo bila kukusudia ukiwa unatenda au unajaribu kutenda kosa kubwa la jinai. Upeo wa daraja la pili ni miaka 40. Daraja la tatu ni kitendo cha hatari iliyopitiliza kinachoonyesha mtu hajali uhai wa binadamu, upeo wake miaka 25. Chini yake kuna kuua kusikofikia mauaji: daraja la kwanza, upeo miaka 15, ambalo linaingiza mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa vibaya, na daraja la pili, upeo miaka 10, la mtu aliyejiingiza kwenye uzembe mkubwa akijua kuwa anahatarisha wengine.

Kwa hiyo mwendesha mashtaka hadai kwamba mdogo wako alitaka yule kijana afe. Anadai kwamba kulikuwa na unyang'anyi, kwamba kifo kimetoka ndani ya unyang'anyi huo, na kwamba mdogo wako aliusaidia. Kifungu 609.05 ndicho kinachomuunganisha: anayemsaidia mwenzake kwa makusudi kutenda kosa anahesabiwa kulitenda yeye.

Usidhani huu ni ukatili wa Wamarekani peke yao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 200, inasema dhamira ovu ya kuua inathibitika hata kwa nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu, na kifungu cha 23 kinawabebesha wote waliokuwa na nia ya pamoja yale yaliyotarajiwa kutokea. Dereva wa gari la wanyang'anyi angekuwa na shida kubwa Dar es Salaam pia. Pengine kubwa zaidi, kwa kuwa kifungu cha 197 kinataja kifo kama adhabu pekee ya mauaji ya kukusudia, na kosa hilo halina dhamana.

Lakini hapa ndipo Minnesota ilipobadilika, na ndipo penye tumaini la mdogo wako. Mwaka 2023 Bunge la jimbo liliongeza fungu jipya kwenye 609.05, kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Agosti 1 mwaka huo. Linasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa mauaji haya ya daraja la pili bila kukusudia, pale ambapo kifo kimesababishwa na mwingine, mpaka ithibitike mambo mawili kwa pamoja: kwamba yeye alikuwa mshiriki mkuu wa uhalifu ule, na kwamba alitenda kwa kutojali kabisa uhai wa binadamu. Na "mshiriki mkuu" hawakuliacha hewani. Ni yule aliyetumia silaha ya kuua, au aliyempa mwenzake silaha ilhali ilitarajiwa itatumika. Aliyemjeruhi mtu vibaya katika tukio hilo. Aliyemlazimisha au kumkodi mwingine afanye kitendo kilicholeta kifo. Au aliyemzuia mtu asiokoe maisha ya marehemu.

Soma orodha hiyo mara mbili. Kuendesha gari hakumo. Kubaki garini hakumo. Kilichobaki ni maswali ya ushahidi: bastola ilikuwa ya nani? Ilitoka wapi? Ilikuwa ndani ya gari lake? Alimkabidhi mwenzake? Ndiyo sababu nimeanza na simu za jela. Polisi na mwendesha mashtaka watakuwa wanatafuta sentensi moja tu itakayomhusisha na ile silaha, na si haki wala busara kuwapa sentensi ambayo pengine haina hata ukweli, imetoka tu kwa kijana aliyechanganyikiwa.

Nisikupe matumaini ya bure. Fungu hilo linamkinga na mauaji, halimkingi na unyang'anyi. Kama alijua wenzake wanakwenda kunyang'anya na bado akawapeleka, anaweza kutiwa hatiani kwa kusaidia unyang'anyi wenye uzito, ambao upeo wake daraja la kwanza ni miaka 20. Kama hakujua kabisa, akidhani anawasindikiza tu, basi hata hilo linapaswa kuanguka, kwa sababu kusaidia lazima kuwe kwa makusudi na kuwepo mahali peke yake si kosa. Umeandika "kumbe walikwenda kumnyang'anya." Hilo "kumbe" lako ni utetezi wake. Lakini wa kulijenga ni wakili, kwa ushahidi. Usilieneze kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu miaka. Ile ya upeo niliyoitaja ni dari, na mahakama za Minnesota hazianzii kwenye dari. Jimbo lina mwongozo wa adhabu, jedwali ambalo upande mmoja una uzito wa kosa na upande mwingine rekodi ya mtu. Kwa asiye na rekodi, mauaji ya daraja la pili ya kukusudia yanaanzia miezi 306, yale ya bila kukusudia miezi 150, kuua kusikofikia mauaji daraja la kwanza miezi 86, na daraja la pili miezi 48, sawa na unyang'anyi wenye uzito wa daraja la kwanza. Kwa kawaida theluthi mbili zinatumikiwa gerezani na theluthi moja nje chini ya uangalizi. Angalia pengo lililopo kati ya 150 na 48. Kazi yote ya wakili wake itakuwa ndani ya pengo hilo, au chini yake.

Utasikia pia kwamba kifo kimoja kina mashtaka mawili matatu, ukadhani atafungwa mara tatu. Hapana. Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd mjini kwenu Mei 2020, alipatikana na hatia ya makosa matatu kwa kifo kimoja: daraja la pili bila kukusudia, daraja la tatu, na kuua kusikofikia mauaji daraja la pili. Alipewa adhabu moja, ya kosa zito kuliko yote. Mwongozo ulikuwa ule ule wa miezi 150, jaji akapandisha hadi 270, akieleza kwamba Chauvin alitumia vibaya mamlaka aliyoaminiwa na alitenda kwa ukatili wa kipekee.

Kinachowahusu ninyi zaidi ni polisi wenzake wawili waliokuwa naye, Thomas Lane na J. Alexander Kueng. Walishtakiwa kwa kusaidia mauaji ya daraja la pili bila kukusudia, kosa la jina moja na la mdogo wako. Mwaka 2022 kila mmoja alikiri kusaidia kuua kusikofikia mauaji daraja la pili, shtaka la mauaji likafutwa, na wakafungwa miaka mitatu na mitatu na nusu. Sisemi kesi zinafanana, wala sisemi mdogo wako akiri. Nataka uone kwamba jina la shtaka la siku ya kwanza si lazima liwe jina la hukumu. Linaweza kushuka. Linaweza kupanda vilevile: kama mwendesha mashtaka anaona aliyefyatua alikusudia kuua, anaweza kwenda kwa jopo kuu, raia wanaosikiliza faraghani, kuomba daraja la kwanza. Hata hapo sheria ya 2023 inamlinda aliyebaki garini, kwa kuwa kumbebesha kifo hicho katika daraja la kwanza kunahitaji yeye mwenyewe awe alisaidia akikusudia mtu afe.

Tuje kwenye dhamana. Katiba ya Minnesota inampa mshtakiwa haki ya kupangiwa dhamana, hata kwa mauaji. Mara nyingi jaji hutaja viwango viwili, kikubwa kisicho na masharti na kidogo chenye masharti kama kifaa cha mguuni na kutoonana na watu fulani. Uliza kama hiyo 500,000 ndiyo kubwa au ndogo. Najua jumuiya imeanza kuchanga. Kampuni za dhamana huwa zinatoza karibu asilimia 10, kwa hiyo mtaambiwa mlete kama dola 50,000, na hizo hazirudi hata kama ataachiwa huru wiki ijayo. Mkilipa mahakamani wenyewe kiasi kizima, zinarudi akihudhuria mpaka mwisho, lakini nani ana nusu milioni? Ushauri wangu ni kwamba msikimbilie kuteketeza mchango wa watu. Kwanza wakili aombe kikao cha kupunguza dhamana. Jaji atataka kujua kama kijana ana mizizi mjini, kwa hiyo kusanya barua ya mwajiri, ya chuo, ya imamu au mchungaji wake, na stakabadhi za kodi ya nyumba. Siku ya kikao njooni wengi, mkae kimya, mvae kwa heshima. Jaji anaona.

Halafu hili la wazee kwenda kwa wafiwa. Nalisema kwa heshima zote, maana najua linatoka kwenye moyo mwema na kwetu ndivyo tulivyolelewa: mtu akifa mikononi mwa wenu, wazee wanavaa, wanakwenda, wanainamisha vichwa. Tafadhali wazuieni. Kesi ni ya Jimbo la Minnesota, kama vile nyumbani ilivyo ya Jamhuri. Wafiwa hawana uwezo wa kuifuta hata wakisamehe kwa machozi. Tena ni kawaida mshtakiwa kuamriwa asiwasiliane na familia hiyo, na ujumbe kupitia wazee unahesabika kuwa mawasiliano. Mkibeba na bahasha ya rambirambi, mwendesha mashtaka anaweza kuiita hongo kwa mashahidi, na wazee wetu waliokwenda kuomba radhi wakajikuta nao wanaandikiwa mashtaka. Na fikiria wale wazazi wenyewe: wanagongewa mlango na ndugu wa mtu anayetuhumiwa kwa kifo cha mtoto wao. Kwao huo unaweza kuwa utisho. Muda wa kuomba radhi upo. Sheria inawapa wafiwa nafasi ya kusema mbele ya jaji kabla ya adhabu, na mshtakiwa naye ana nafasi ya kuzungumza siku hiyo. Wakili ndiye atakayejua lini na kwa njia gani.

Grinikadi inanitia wasiwasi kuliko mnavyodhani. Familia nyingi hushangilia mauaji yakishuka hadi unyang'anyi, kisha siku ya kutoka gerezani maafisa wa uhamiaji wanakuwa mlangoni. Kwa sheria ya shirikisho, unyang'anyi wenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi unaweza kumfukuzisha mkaazi wa kudumu, hata kama adhabu yenyewe imesimamishwa. Tangu uamuzi wa Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia athari hizo kabla hajakiri chochote. Mdogo wako amwambie wakili mapema, wazi, "mimi si raia." Na asisaini karatasi yoyote ya uhamiaji akiwa jela bila wakili kuiona.

Mwisho, wakili mwenyewe. Nasikia sana watu wetu wakisema wakili wa kupewa na serikali ni wa mwendesha mashtaka. Sivyo. Mawakili wa umma wa Minnesota wanalipwa na jimbo lakini wajibu wao ni kwa mshtakiwa peke yake, na katika kesi za mauaji kaunti kubwa kama Hennepin, ilipo Minneapolis, ina mawakili wa umma waliozishika kesi hizi miaka mingi. Ningemchagua mmoja wao kuliko wakili binafsi wa ajali za magari aliyeomba dola 30,000 kwa sababu tu anafahamiana na mjomba. Kama mna uwezo wa kumweka wa binafsi, muulizeni amesimamia kesi ngapi za mauaji hadi mwisho mbele ya jopo la raia 12, na muulizeni lile fungu la 2023 la kifungu 609.05 linasemaje. Asiyelijua, shukuruni na mwondoke.

Kijana akitaka mkalimani, mahakama inamtoa bure. Wewe usikalimani, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu ukikaa kwenye mazungumzo yake na wakili siri yao inaweza kupotea. Na waeleze ni Kiswahili cha wapi: nimewahi kumwona kijana wa Uvira, Kongo, akipewa mkalimani wa Mombasa, wakawa wanapishana kwenye maneno ya msingi kabisa, na hakuna aliyesimamisha kikao.

Kesho asubuhi piga simu ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti, mtaje mdogo wako kwa jina kamili na namba ya kesi iliyo juu ya hati ya mashtaka, uulize nani amepangiwa kesi yake na kikao kijacho ni lini. Ukimpata wakili huyo, kabla hujamuuliza swali lolote, mwambie mambo mawili: kwamba mteja wake ana grinikadi, na kwamba familia haijazungumza na polisi na haitazungumza bila yeye kujua.